Taa ya Mtasema

Baba alimpa mbwa jina la Mtasema kwa sababu ya ua. Mwaka 2008 tulikuwa na ugomvi na jirani wa upande wa mashariki juu ya nusu mita ya ardhi: michongoma inapandwa mchana, inang'olewa usiku. Siku baba alipoleta kitoto cha mbwa ndani ya boksi la sabuni, alisimama pale pale mpakani akakiita kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano, "Mtasema! Njoo hapa, Mtasema!" Jirani alikuwa anamwagilia mchicha. Hakuinua kichwa, ila maji yalibaki yakimwagika kwenye mche mmoja mpaka ukalala.

Mtasema alikua akawa mbwa wa kienyeji kama wengine wote wa Kihonda, hapa Morogoro, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na la pili limekunjika. Kazi yake ilikuwa nje. Chakula chake kilikuwa ugali wa dona na vichwa vya dagaa, na mwisho wa nchi yake ulikuwa kizingiti cha mlango wa jikoni. Baba alipofariki mwaka 2014, mbwa alilala pale kizingitini majuma mawili, kisha akarudi kazini. Naanza na haya ili nisieleweke vibaya: nyumba yetu haikuwa ya kubembeleza mbwa. Mtu angeniambia kwamba siku moja ningekesha sebuleni nikimnywesha mbwa maji kwa bomba la sindano, ningemuuliza anaumwa nini.

Aliugua Jumamosi tarehe 20 Machi 2021. Nchi ilikuwa kwenye msiba wa Rais Magufuli, redio zinapiga nyimbo za maombolezo tangu alfajiri, na milima ya Uluguru haikuonekana kwa mawingu. Saa kumi na mbili na nusu nilifungua mlango wa jikoni nikamkuta ubavuni mwa tangi la maji, kichwa kimepinda kushoto kama mtu anayetega sikio chini ya mlango. Aliponiona alijaribu kusimama. Miguu ikatawanyika, akaangukia kushoto, akabiringika mzima mzima mpaka akagota kwenye tangi. Alikuwa ametapika, na mate yalikuwa yanamtoka. Lakini kilichonitisha zaidi ni macho. Panda basi la Dodoma, umtazame aliyekaa dirishani anapoangalia nguzo za umeme: jicho linaifuata nguzo taratibu, kisha linaruka kuishika nyingine. Ndivyo yalivyokuwa yakifanya macho ya Mtasema, pasipo basi wala nguzo, bila kupumzika.

Dada anayetusaidia kazi alisema kapewa sumu. Kijana wa maziwa alisema kichaa, akaondoka bila kudai hela yake. Kufika saa mbili vijana watatu walikuwa getini na magongo. "Mwalimu," mmoja akaniambia kwa heshima kabisa, "huyo hafai tena. Wewe ingia ndani tu, sisi tutamaliza."

Siwalaumu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hospitali haina dawa ya kumrudisha. Mbwa anayeyumba huku mate yanamtoka ndiye hasa tuliyefundishwa utotoni kumkimbia, na mimi mwenyewe nimewafundisha watoto wa darasa la tatu hivyo hivyo, kwa kumchora ubaoni.

Aliyewazuia ni jirani wa mashariki. Huyu ni mzee wa swala tano. Mtasema aliwahi kumlamba mguu, akauosha mara saba, mojawapo kwa mchanga, akihesabu kwa sauti ili baba asikie. Asubuhi ile alikuja mpaka getini na kanzu yake, akauliza swali moja tu: "Kadi ya chanjo iko wapi?" Nikaileta. Akafuta miwani, akasoma kuanzia juu, akasoma na mhuri. Chanjo ya mwisho ilikuwa Septemba 2020, siku ile ya kila mwaka ambapo mbwa huchanjwa. "Mwaka haujaisha," akawaambia vijana. "Nendeni." Kisha akanigeukia: "Lakini mfungie. Watoto wasimkaribie, na wewe usimguse mate mikono mitupu. Tumtazame siku kumi." Akaenda zake. Kuhusu ua hatujapatana mpaka leo.

Nilimpigia simu bwana mifugo. Akauliza umri, nikamwambia miaka kumi na mitatu. "Hicho ni kiharusi, Mwalimu," akasema. "Jioni nitapita. Tunaweza kumchoma Penstrep tujaribu bahati, ama tumchome ile ya kumpumzisha."

Nikasema ile ya kumpumzisha. Sikuchukua hata dakika moja kuamua. Nilijiambia ni huruma, na huenda ilikuwamo. Ila nikiipima leo naona nyingi ilikuwa hamu yangu ya kutoyaona tena yale macho. Mbwa hakuwa ameomba chochote. Mimi ndiye niliyekuwa nataka kupumzika.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kiganja chake kimeshika fremu. Alikuwa na miaka sabini na mitano wakati huo. "Mnataka kumwua kwa kizunguzungu?" akauliza. Nikamweleza habari ya kiharusi. Akaniacha nimalize, kisha akauliza Penstrep ndiyo nini. Nikasema ni dawa ya mifugo, penisilini imechanganywa na aina ya streptomaisini.

"Streptomaisini," mama akarudia, silabi kwa silabi, kama mtu aliyesikia jina la mwanamume aliyemkimbia zamani. "Mpigie mwambie asije."

Ndipo nikalisikia jambo nililofichwa miaka thelathini na mitano. Mwaka 1986, nikiwa darasa la saba, mama aliondoka nyumbani miezi miwili. Tuliambiwa ameenda Kilosa kumuuguza shangazi. Kumbe alikuwa na kifua kikuu. Siku hizo matibabu yalianza na sindano ya streptomaisini kila siku kwa miezi miwili, pamoja na vidonge, halafu vidonge vitupu kwa miezi mingine sita. Dawa zilimponya, na hajawahi kuzisema vibaya. Lakini karibu na mwisho wa zile sindano alianza kuyumba. "Kichwa changu hakikuzunguka kama cha huyu," akasema akimwonyesha Mtasema. "Mimi nikitembea, vitu ndivyo vilikuwa vinaruka, kama sinema mbovu. Mchana nikajizoeza. Ila mpaka leo, taa ikizimika, miguu yangu hainijui."

Alipomaliza hakuningoja niseme neno. Alimwita dada, akamwagiza magunia matatu na blanketi, na Mtasema akavushwa kizingiti cha jikoni kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Bwana mifugo nilimwambia asije. Tulimwita daktari wa wanyama, akaja Jumapili, binti aliyesomea hapa hapa Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine. Alivaa glovu, akapiga magoti sakafuni, akakaa dakika nzima akitazama tu. Baadaye alinieleza alichokuwa anatafuta. Kama macho yangekuwa yanaruka juu na chini, angeogopa ubongo. Yalikuwa yanaruka kwa ulalo, kuelekea kulia, huku kichwa kimepinda kushoto, na hiyo ni ishara ya sikio la kushoto. Kisha alimshikilia mbwa asimame, akaukunja mguu mmoja ili kiganja kitazame juu na mgongo wa vidole uguse sakafu. Papo hapo Mtasema akaurudisha sawa. Akajaribu na mingine, ikawa vile vile. "Huyu anajua miguu yake iko wapi," daktari akasema. "Hajui tu chini ni wapi." Akamulika masikio yote mawili kwa kifaa chake: hamna usaha, ngoma ya sikio nzima.

Vitabuni unaitwa ugonjwa wa vestibula, na huu wa mbwa wazee huja ghafla hivyo, bila chanzo kinachojulikana. Daktari alitaja mambo mengine yanayoweza kufanana nao, kama maambukizi ya sikio la ndani, tezi ya shingoni kuzembea, au uvimbe, akasema tusianze kuyawinda kabla ya siku tatu kupita. Ukiwa ndio wenyewe, siku tatu za mwanzo ndizo mbaya, halafu mbwa huanza kupanda, na wengi hurudi karibu na walivyokuwa ndani ya wiki mbili au tatu. Kichaa hakirudi nyuma namna hiyo; mwenye kichaa huzidiwa kila siku mpaka afe, na kwa kawaida hafikishi siku kumi. Nikakumbuka hesabu ya jirani.

Alipoona mama anasikiliza kwa makini kuliko mimi, akahamishia maelezo kwake. "Bibi, chungu kinakaa juu ya mafiga matatu, si ndiyo? Mwili nao unasimama hivyo hivyo. Figa la kwanza ni sikio la ndani. Mle kuna mifereji mitatu midogo iliyopinda nusu duara, ina maji, kama pima maji ya fundi ujenzi. Ukigeuza kichwa, maji yanabaki nyuma kidogo, vinyweleo vinapinda, ubongo unapata habari. Figa la pili ni macho. La tatu ni miguu na viungo, vinavyohisi ardhi. Huyu, figa la sikio moja limetoka. Sikio la kulia linasema tumetulia, la kushoto linasema tunazunguka, na ubongo unawaamini wote wawili."

"Mimi lilitoka lote," mama akasema. "Kulia na kushoto."

Daktari akamtazama, akauliza lini, akaambiwa. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyekutana na ukurasa wa kitabu ukitembea. Alisema streptomaisini ina tabia hiyo, huviendea vile vinyweleo, na vikifa havioti tena. Sindano moja ya Penstrep pengine isingemdhuru Mtasema, akasema, ila isingekuwa na kazi yoyote pale. Alimchoma ya kuzuia kutapika, akamwekea maji chini ya ngozi ya mgongo, na zaidi ya hapo hakuacha dawa. Nilitaka dawa. Nilitaka chupa yenye maandishi na saa za kumpa. Alichoacha ni maagizo, na mengi mama alikuwa ameshayatekeleza tangu Jumamosi bila kuambiwa na mtu.

Vigae, kwanza, vilikuwa adui. Sebule yetu niliiweka vigae mwaka 2016 kwa mkopo wa mshahara na nilivionea fahari. Kwa Mtasema vilikuwa barafu. Mama alitandaza magunia, kwa sababu gunia linakwaruza na mguu unalisikia. Alimweka kwenye kona, ubavu wa kushoto umeegemea ukuta, blanketi limekunjwa upande wa pili, ili upande wowote anaohisi anaangukia akute kitu kimeshafika pale kabla yake. Alitukataza kumnyanyua juu. Mara ya kwanza nilipombeba alihangaika mpaka akanikwaruza shingo, na nilidhani ni maumivu, mama akasema, "Umemwondolea na ardhi. Alikuwa amebakiwa nayo hiyo tu." Tangu hapo nilimsogeza akiwa amebanwa kifuani kwangu, polepole, na kabla ya kumgusa nilimsemesha nikiwa upande wa kulia.

Na taa. Mama aliagiza taa ya sebule iwake usiku kucha. Nikalalamika habari za umeme wa LUKU. "Mzimie," akasema, "umwone." Nikazima. Mtasema, ambaye alikuwa amelala akihema kwa utulivu, alianza kukwaruza ukuta kama mtu anayezama. Nikawasha. Macho yake yalikuwa bado yanarukaruka, lakini hata jicho linaloruka lilikuwa na mguu wa kiti wa kushika, na pembe ya kabati, na sisi.

Usiku wa Jumapili na wa Jumatatu ulikuwa mrefu. Hakula. Alijikojolea, na kila baada ya saa mbili au tatu tulimgeuza na kubadilisha matambara ili asipate vidonda. Maji nilimpa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, kichwa nimekishika kisilale asije akapaliwa. Redioni walikuwa wanatangaza misafara ya msiba. Nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri, na sikuwaza mambo makubwa. Niliwaza tu kwamba kama ningeachiwa mimi, saa hizi angekuwa chini ya mwembe.

Jumanne jioni, siku ya nne, macho yalipunguza mwendo. Hayakusimama, yaliruka, yakapumzika, yakaruka. Niliweka kipande cha ini la kuchemsha kwenye kiganja nikakifikisha puani, maana alikuwa analenga chakula akikikosa kwa kidogo. Akalamba glovu kwanza, halafu ini. Mama akapiga vigelegele vifupi, akanyamaza haraka akikumbuka nchi iko kwenye msiba.

Alhamisi alisimama. Tulimpitishia chini ya tumbo khanga kuukuu ya mama, ambayo jina lake lilishafutika kwa kufuliwa, mimi nikashika ncha mbili kama mtu aliyebeba kapu zito, tukaenda naye mpaka nje kukojoa. Alizunguka kushoto, kushoto tena, akatua kwenye mchaichai. Kwa siku mbili nilimshikilia hivyo kwa nguvu zangu zote, mpaka daktari alipopita kumwona akaniambia nilegeze. Kila anapoyumba, alisema, ubongo unapiga hesabu mpya kwa kutumia yale mafiga yaliyobaki. Ukimbeba kila hatua, hesabu haipigwi. Hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko kukesha. Mimi ni mwalimu wa miaka ishirini na mitano na bado mkono wangu unakimbilia kalamu ya mtoto anapokosea. Nililegeza khanga. Akaanguka, akaamka, akaanguka, akauegemea ukuta wa korido, akaanza kutembea akiusugua kwa bega.

Jirani siku ya kumi alikuja getini. Hakuingia. Alimtazama Mtasema akipita kwa mwendo wa ngalawa iliyopakiwa upande mmoja, kichwa kimepinda. "Kumi," akasema, akaondoka.

Kichwa hakikunyooka tena. Kilibaki kimeinama kushoto kiasi cha kumfanya aonekane anatilia shaka kila unachomwambia, na wageni walicheka. Mengine yote yalirudi: kubweka, kuiba dagaa, kulala kizingitini, ingawa sasa alilala upande wa ndani na hakuna aliyemkumbusha sheria.

Na ukutani akaacha mstari. Kwenye korido ya kwenda vyumbani, usawa wa goti langu, bega lake lilichora mstari wa udongo na mafuta kutoka sebuleni mpaka mlango wa nyuma. Mwezi Mei nilichukua ndoo na sabuni nikaanza kuusugua. Nilikuwa nimechuchumaa. Nilipoinua macho nikaona, juu yake, usawa wa kiuno, mstari mwingine. Huo nilikuwa naufahamu vizuri sana. Nilikuwa nimepaka rangi juu yake mara mbili, mwaka 2015 na 2018, na mara zote mbili uliibuka tena. Ulianzia mlango wa chumba cha mama, ukapita swichi ya taa ambayo mimi huizima kila usiku kabla ya kulala ili kubana matumizi, ukaenda mpaka chooni. Mwaka 2018, fundi rangi akiwa bado hajaondoka, nilimwambia mama mbele yake, "Mama, ukuta si fimbo." Hakunijibu kitu. Alivuta mkono akauficha ndani ya khanga.

Mbwa alikaa gizani sekunde ishirini, nikawasha taa.

Nilimwaga yale maji ya sabuni. Jioni nilimpigia fundi wa kuchomelea, akaja akapima korido, wiki iliyofuata akafunga bomba la chuma ukutani kuanzia mlango wa mama mpaka chooni. Nikabadilisha balbu ya korido nikaweka ndogo ya kulala ikiwaka, na nikatandika mkeka mgumu juu ya vigae. Mama alilijaribu lile bomba, akaenda nalo, akarudi nalo. "Miaka thelathini na mitano," akasema. "Kumbe nilitakiwa nibweke tu." Alikuwa anacheka. Mimi nilishindwa.

Mtasema alikufa Novemba 2022, kwa uzee, usingizini, mgongo wake kwenye ukuta wa sebule. Tulimzika chini ya mwembe, upande wa mashariki. Jirani alitazama nikichimba, akasema shimo limeingia upande wake kwa kiasi cha kiganja.

Mstari wake wa chini bado upo. Fundi rangi aliyekuja mwaka jana nilimwambia korido aiache. Balbu nayo huwaka. Wiki iliyopita umeme ulikatika saa nane usiku na nilizinduka, nikamsikia mama amesimama mlangoni pa chumba chake, kimya, mkono kwenye bomba, akingoja. Nikatafuta simu chini ya mto, nikawasha tochi, nikatoka nikammulikia sakafuni, hatua moja mbele ya miguu yake.